Video ya mtoto anayelia na namba ya kutuma pesa: nimetuma, sasa naambiwa nimeliwa

#1 MuuzaVitenge (Arua)
Habari zenu wote. Jumanne usiku kwenye kundi letu la wauza vitenge ililetwa video ya kama dakika mbili. Mtoto wa kiume, namkadiria P.5 au P.6 (darasa la tano au la sita), ana kovu la moto kutoka shavuni mpaka shingoni. Analia kwa kwikwi, kamasi zinamtoka wala hafuti. Nyuma ya simu kuna sauti ya mtu mzima: "Waambie wanakuitaje." Mtoto kimya. Sauti inarudi: "Sema wakusikie." Ndipo anasema wanamwita Nyama Choma. Akifika kwenye foleni ya uji, wenzake wananusanusa hewa. Mwisho inatokea namba ya simu na maneno "tumchangie ahamishwe shule".

Nilituma 20,000 usiku uleule. Mimi nilisoma na binti mwenye kifafa, na najua tulivyomfanyia. Nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimkimbia akianguka.

Alhamisi ikaja sauti iliyorekodiwa. Mwanamume anasema kwa Kiswahili cha Kongo kwamba video hiyo ni ya zamani, imetoka Bunia huko Kongo, na mtoto alifundishwa kulia. Kundi zima likanigeukia: "Mama, umeliwa."

Nauliza mawili. La kwanza, mtu anajuaje? La pili ndilo linaloniuma zaidi. Hata kama namba ile ni ya mwizi, mtoto yule halii mchezo. Nimezaa sita, kilio cha kuigiza nakijua. Yeye nani anamuulizia?

#2 WakalaMstaafu (Kampala)
Pole mama. Nilikaa miaka saba kwenye kibanda cha pesa za simu jirani na Old Taxi Park, kwa hiyo nijibu la kwanza.

Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mwenye laini lilikutokea. Ulilisoma? Watu wengi hawalisomi, huruma imeshawashika. Ila hata jina lenyewe si ushahidi kamili. Nimeshuhudia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa kijijini asiyejua hata kuandika ujumbe.

Nilichojifunza kibandani ni tabia ya pesa. Anayechanga kwa nia njema huziacha zijae kwanza, kwa sababu kila akitoa kuna makato ya kampuni, na juu yake ile kodi ya serikali ya nusu asilimia. Mwizi hajali makato. Ikiingia 50,000 anatoa, ikiingia 30,000 anatoa, leo kwangu, kesho kwa jirani yangu, keshokutwa Wandegeya. Mteja wa namna hiyo ukimuuliza hali ya mgonjwa wake anakasirika.

Jina lilikuwa la mwanamke au mwanamume?

#3 Mchambuzi256
Umeliwa, mama, hakuna la kuzungusha. Mmesahau yule mbilikimo wa Australia mwaka 2020? Alilia kwenye gari akisema anataka kufa kwa sababu ya kuchekwa shuleni. Dunia nzima ikachanga, baadaye ikajulikana kumbe ni mtu mzima wa miaka 18, mwigizaji, ana pesa zake. Machozi siku hizi ni mtaji.

#4 DadaWaJinja
Mchambuzi, hapo umebeba uvumi ukauita habari. Kwanza, tuseme mtu mwenye kimo kifupi. Hilo neno lako ndilo wanalotupiwa njiani.

Pili, mtoto yule alikuwa na miaka 9. Mama yake alimrekodi Februari 2020 alipomchukua shuleni, huko Queensland. Mchekeshaji wa Marekani, Brad Williams, naye ana kimo kifupi kwa sababu ya hali hiyohiyo ya kuzaliwa nayo. Akafungua mchango ili mtoto apelekwe Disneyland, akiomba dola 10,000. Zikapita 470,000. Ndipo uvumi ukaanza. Watu wakachimba picha ambapo mtoto amesimama penye tarakimu 18, kumbe ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine. Picha zake akiwa mdogo kabisa, miaka kadhaa kabla ya hapo, zilikuwepo hadharani. Familia ikasema safari ya Disneyland haiitaki, pesa ziende kwa mashirika ya misaada. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyedai ni utapeli alishtakiwa, na mwishowe akaomba radhi.

Kwa hiyo mtoto alionewa shuleni na watoto wa darasa lake, halafu akaonewa na watu wazima wa dunia nzima waliomwita mwongo. Hao wa pili hawakuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

#5 Mchambuzi256
Sawa, nimekubali kwa huyo. Lakini wapo wa kweli kabisa. New Jersey, Marekani, 2017: mtu asiye na makazi, eti alimpa mwanamke aliyeishiwa petroli dola zake 20 za mwisho. Yule mwanamke na mpenzi wake wakafungua mchango, watu kama 14,000 wakatoa zaidi ya dola 400,000. Mwaka uliofuata ikajulikana hadithi yote waliitunga, watatu kwa pamoja. Mahakama ikawatia hatiani.

#6 WakalaMstaafu
Na hapo waliochanga walirudishiwa pesa zao na ule mtandao wa michango. Angalia tofauti: kule kuna wa kumdai. Huku 20,000 ya mama imekwenda kutoka simu moja hadi nyingine. Pesa ikishatolewa kwa wakala, hata kampuni ya simu ikifunga laini inafunga chungu kitupu.

#7 MzeeBombo
Wanangu, salamu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimetumikia jeshi, nimesoma shule enzi za viboko. Tuliitwa majina. Mimi niliitwa Kichwa Ngoma mpaka nikaoa. Tulipigwa, tulinyang'anywa muhogo, na tulikua. Watoto wa leo wakiitwa jina moja simu inatolewa, video, mchango. Tunawalea wawe mayai. Mtoto afundishwe kujibu, yamekwisha.

#8 BabaMapacha
Mzee Bombo, shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima, na hili sijawahi kuliandika popote.

Niliingia S.1, yaani kidato cha kwanza, mwaka 1996, shule ya bweni huko magharibi, jina naliacha. Juma la pili nilikojoa kitandani. Nilikuwa na miaka 13, mama yangu alikuwa amefariki likizo ile. Wakubwa wa S.3 walibeba godoro langu wakalisimamisha uwanjani Jumatatu asubuhi, shule nzima imepanga mstari. Mwalimu wa zamu aliliona. Alicheka kidogo, akaendelea kusoma matangazo.

Kuanzia hapo sikuwa na jina. Usiku walikuwa wakipiga kifuniko cha sanduku langu la bati, pwaa, pwaa, ili niamke "nikakojoe". Wakati mwingine mara nne kwa usiku mmoja. Nilishuka kutoka wa tatu darasani hadi wa themanini na kitu. Shule ikamwandikia baba kwamba mimi ni mvivu na msinziaji. Baba akanichapa kwa barua ile.

Mwaka huu mapacha wangu wanaingia S.1. Mke wangu amenunua masanduku mawili ya bati, mazuri, ya buluu. Alipolifunga moja niliondoka chumbani. Nimevuka miaka 40, mzee wangu, nina duka na watu watano ninaowalipa mshahara. Nilimwambia ayarudishe, akauliza kwa nini, sikuweza kusema.

Ningemjibu nani? Godoro?

#9 SistaWaZamu (Gulu)
Baba Mapacha, asante kwa kulisema. Mimi ni muuguzi, miaka mingi kwenye kitengo cha afya ya akili.

Mzee Bombo, kutaniwa na kuonewa si kitu kimoja. Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili Skandinavia miaka ya 1970, alitaja alama tatu: linafanywa kwa makusudi, linarudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea mbele ya wanaomfanyia. Wewe na wenzako mliitana majina, leo wewe kesho yeye. Mtoto wa kovu hana jina la kuirudishia foleni nzima.

Na halipiti tu. Kuna utafiti wa Uingereza uliowafuata watoto waliozaliwa 1958. Wazazi waliulizwa kama mtoto anaonewa alipokuwa na miaka 7 na tena alipofika 11. Matokeo yaliyotolewa 2014 yaliwapima wakiwa na miaka 50. Walioonewa mara kwa mara walikuwa bado na sonona na wasiwasi kuliko wenzao, na afya dhaifu zaidi. Karibu miaka 40 baadaye. Sanduku la bati si udhaifu wako, ndugu yangu.

Wodini hawaji wakisema "nimeonewa". Mtoto huletwa kwa tumbo linalouma kila Jumapili jioni. Au hataki kuoga. Au amepoteza kalamu nne kwa wiki na mama anadhani ni mzembe. Mapepo pia huwa yanatajwa.

#10 Mpitanjia
Mimi nadhani wote mnakosea chanzo. Uonevu shuleni unatoka nyumbani. Mtoto anayepigwa kwao anakuja kumaliza hasira kwa mnyonge.

#11 Mwalimu_Kasese
Mpitanjia, nusu kweli. Nimefundisha shule za bweni na za kutwa. Watoto niliowaona wakiongoza uonevu wengine walitoka nyumba tulivu kabisa, wanapendwa, ni viranja. Walionea kwa sababu iliwalipa: walipata nafasi ya mbele kwenye foleni na kucheka kwa wenzao.

Na sisi walimu tunawafundisha, naomba tukubali. Ni nani hapa hakuvishwa kibao au mfupa shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama? Ukimkuta mwenzako anasema Lukonzo unamvisha yeye. Siku nzima kazi ya darasa ni kuwinda wa kumwaibisha. Serikali ilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, nikafurahi, ni somo langu. Lakini nina mwanafunzi aliyekulia ng'ambo ya Mpondwe, mpakani na Kongo, Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na haufungui mdomo darasani. Wanamwita "afande" na "mwizi". Hiyo ni mirathi ya enzi za Amin, Kiswahili kilipokuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na bunduki. Watoto waliozaliwa juzi wanaonea kwa kumbukumbu za babu zao.

#12 MzeeBombo
Mwalimu, hilo la Kiswahili na bunduki sisi wa Bombo tumelibeba mpaka leo. Hapo sina ubishi.

#13 LiraMoja
Turudi kwenye pesa. Mnajua kwa nini mimi sichangii video yoyote, hata iwe na malaika? Machi 2012. Invisible Children, shirika la Marekani, lilitoa filamu ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Ndani ya wiki moja ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Hapa Lira ikaletwa, wakatundika skrini uwanjani, watu wakaja kwa maelfu, wengine na baiskeli kutoka mbali. Wengi walidhani wataona yaliyowapata. Wakamwona Mmarekani akimweleza mwanawe mdogo habari za mtu mbaya. Kony mwenyewe na watu wake walikuwa wameshatoka Uganda tangu 2006. Watu walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likaishia hapo.

Jirani yangu aliyekatwa midomo alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliuliza swali moja tu: kule wanauza fulana na bangili za jina la aliyenifanya hivi?

Kila video ya mchango huwa na mtu aliyeshika kamera. Mimi namwangalia huyo.

#14 MuuzaVitenge
Lira Moja, umenigusa. Hiyo sauti inayosema "Sema wakusikie" ndiyo inayonizuia kulala. Kama ni mzazi, anaumia na mwanawe? Au anamkamua?

Wakala, jina lilikuwa la mwanamume. Nimelitafuta kwenye ujumbe wa simu. Silitaji hapa.

#15 MtotoWaNakivale
Mama, inaweza kuwa vyote kwa wakati mmoja. Nawaambia ninachokijua.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa na miaka 8, tukitokea Kivu Kusini, Kongo. Kuna wageni walikuja na kamera, wakamkuta dada yangu analia kwa sababu wenzake kwenye bomba la maji walimwaga jeri yake wakimwita jina la kabila. Alikuwa analia kwelikweli. Wakamrekodi, betri ikazima. Wakabadilisha betri, naye alikuwa ameshanyamaza. Mmoja akampa biskuti, mkalimani akamwambia, "Lia kidogo tena kama mwanzo." Akalia.

Sasa niambieni, ile ya pili ni ya uongo? Alikuwa analilia jeri ileile. Biskuti ilimpa tu ruhusa. Lakini dada yangu hadi leo, ana watoto wawili, anasema kilichomdhalilisha zaidi si maji kumwagwa. Ni ile biskuti, kwa sababu aliila.

Kwa hiyo aliyesema mtoto "alifundishwa kulia" anaweza kuwa sahihi, na mama anaweza kuwa sahihi pia.

#16 DadaWaJinja
Nimesoma #15 mara tatu.

#17 Mchambuzi256
Niongeze jambo linaloeleza kwa nini video hizi zinafanya kazi, hata kwa watu wenye akili timamu. Kuna jaribio la wanasaikolojia wa Marekani lililochapishwa 2007. Kundi moja la watu walielezwa habari za msichana mmoja wa Mali, Rokia, miaka 7, mwenye njaa. Kundi lingine walipewa takwimu za mamilioni wenye njaa Afrika. Wa Rokia walitoa zaidi. La kushangaza ni kwamba waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu ya waliopewa Rokia peke yake. Huruma inataka uso mmoja.

Kwa hiyo mtu akitaka kusaidia shule nzima isiyo na mwalimu wa kuangalia watoto foleni ya uji, hapati shilingi. Akitoa uso mmoja unaolia, anapata. Tunawalipa watu walete nyuso.

#18 BabaMapacha
Lakini Mchambuzi, mwaka 1996 kama mtu angenirekodi na godoro langu, labda baba angejua. Nisingetaka pesa. Ningetaka tu mtu mzima mmoja aone.

#19 SistaWaZamu
Shule nzima ilikuona, Baba Mapacha. Hata mwalimu wa zamu.

#20 BabaMapacha
Ndiyo.

#21 Mpitanjia
Mnaongea sana, kosa ni la WhatsApp. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, video inafika huku haina mwenyewe: haina tarehe, haina ukurasa wa kuulizia, imeandikwa tu "imetumwa mara nyingi". Zamani ungeona nani aliiweka kwanza. Na hiyo sauti ya kukanusha nayo haina mwenyewe! Kwa nini mnamwamini mtu wa Bunia asiye na jina kuliko mtoto mwenye uso?

#22 WakalaMstaafu
Hapo Mpitanjia umepiga penyewe. Nimeona mchango wa kweli kabisa wa mgonjwa wa figo uliouawa na sauti ya namna hiyo. Baadaye tuliambiwa aliyerekodi alikuwa shemeji aliyekosana na familia. Kumwita mtu mwizi ni bure.

#23 KijanaWaBoda (Arua)
Samahani nachelewa, napiga boda mchana. Mama Vitenge, hiyo video ninayo pia. Si ya Bunia. Sare ile naijua, ni ya shule ya [limeondolewa], ng'ambo ya mto Enyau. Huyo mtoto yupo. Anaishi kwa bibi yake. Aliungua kibatari kilipoanguka, alikuwa mdogo sana. Aliyeshika simu ni mjomba wake.

#24 Msimamizi
Nimeondoa jina la shule kwenye #23. Tafadhali msitaje jina la mtoto, la mjomba wala mtaa. Tutafunga uzi ikibidi.

#25 Mchambuzi256
Basi ni kweli! Mama, hujaliwa. Naomba radhi.

#26 WakalaMstaafu
Taratibu. Mtoto kuwa wa kweli hakufanyi mchango kuwa wa kweli. Kijana, kuna pesa iliyofika kwa bibi?

#27 KijanaWaBoda
Sijui. Ninachojua kimetokea baada ya video. Wanafunzi wameiona, simu za kaka zao zinayo. Sasa hawamwiti tena lile jina. Wanamwigiza anavyolia. Jana nimebeba abiria pale langoni saa ya kutoka, watoto kama kumi wamempanga katikati, wote wanapiga kwikwi, mmoja anashika kalamu kama simu anamwambia, "Sema wakusikie."

#28 MuuzaVitenge
Mungu wangu. Mimi niliituma kwenye makundi matatu.

#29 LiraMoja
Mama, hukukusudia. Lakini ndiyo hivyo.

#30 MwanaSheria_Mbarara
Niingie kidogo. Wengi mnajua kwamba Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile cha "mawasiliano ya kuudhi". Msichanganye na hili. Mabadiliko ya sheria hiyo yaliyosainiwa Oktoba 2022 yaliweka kosa la kusambaza habari za mtoto kwa kompyuta bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Hapa mjomba atasema yeye ni mlezi.

#31 DadaWaJinja
Na bibi anayeishi naye, yeye ni nani? Mtoto mwenyewe je?

#32 MwanaSheria_Mbarara
Kwa karatasi za mahakama, dada, ni swali la nani ana malezi. Kwa mtoto mwenyewe, sheria inataka maslahi yake yatangulie. Nani atalipeleka hilo mahakamani kwa ajili ya 20,000, sijui. Njia fupi ni kupiga Sauti 116, simu ya bure ya watoto, au kumwona ofisa ustawi wa jamii wa wilaya.

#33 Mpitanjia
Ofisa wa ustawi aje na pikipiki isiyo na petroli? Kijana ampelekee yeye petroli kwanza.

#34 Mwalimu_Kasese
Mpitanjia, usikatishe watu tamaa. Nimewahi kupiga 116, wakamfuata mtoto. Ilichukua siku nyingi, ila walimfuata.

Kuhusu kumhamisha shule, nina shaka. Nimepokea watoto watatu waliohamishwa kwa kuonewa. Mmoja alichanua. Wawili jina liliwafuata kabla hawajamaliza muhula, na hiyo ilikuwa kabla ya video. Huyu video itatangulia kufika. Labda afadhali mwalimu mkuu wa palepale aiweke foleni ya uji chini ya macho ya mtu mzima, na wale kumi waitwe na wazazi wao.

#35 SistaWaZamu
Naungana na mwalimu kwa foleni, sikubaliani naye kwa kuhama. Kuna mtoto ambaye kila kona ya shule imeshakuwa kidonda kwake. Ila aulizwe yeye anataka nini, faraghani, na mtu asiye na simu mkononi.

#36 MzeeBombo
Nimesoma yote tangu jana. Baba Mapacha, nakuomba msamaha kwa neno la mayai. Mdogo wangu wa mwisho aliacha shule P.4. Nyumbani tulisema ni mvivu. Alikuwa na mguu mfupi mmoja. Sikuwahi kumuuliza, na sasa yuko kaburini. Basi.

#37 MuuzaVitenge
Nimetoka kwa bibi leo mchana. Kijana wa Boda amenipeleka, hakutaka nauli. Nilibeba sabuni na sukari, nikasema nimekuja kumsalimia, sikutaja video. Yeye ndiye aliyeitaja.

Anasema mjomba alileta viatu vipya, sare moja na 60,000. Amemwambia nyingine anaziweka mpaka mwezi ujao ili alipe karo ya shule mpya. Nikauliza ziliingia ngapi kwa jumla, bibi hajui. Hana simu. Nilimpigia mjomba. Akaniambia kwa ukali kwamba alichoka kumwona mtoto akirudi kila siku analia na shule haifanyi kitu, kwamba kabla ya kurekodi alikwenda kwa mwalimu mkuu mara mbili akaambiwa "watoto ni watoto". Nilipomuuliza kiasi, simu ikakatika. Labda ni mtandao. Bibi hajui kama kweli alikwenda kwa mwalimu mkuu.

#38 WakalaMstaafu
Alikasirika ulipouliza kiasi.

#39 DadaWaJinja
Hata mtu mwema anakasirika akihisi anaitwa mwizi, Wakala. Kumbuka shemeji wa mgonjwa wa figo.

#40 WakalaMstaafu
Nakumbuka. Bado nasema alikasirika.

#41 BabaMapacha
Mama, mtoto mwenyewe ulimwona? Alisema nini?

#42 MuuzaVitenge
Alikuwa uani anaosha viatu vile vipya. Nilimsalimia akaitikia, sauti nzuri kabisa. Nilipoingiza mkono kwenye mkoba kutoa leso, aligeuza shavu lenye kovu upande wa ukuta. Alidhani natoa simu.

Nimefuta video kwangu. Nimeandika kwenye yale makundi matatu, waifute. Kundi moja wamefuta. La pili wameniuliza, "Kwani ilikuwa ya uongo?" La tatu hawajajibu.

#43 SistaWaZamu
Nimepiga 116 leo asubuhi, wamechukua maelezo. Mama, nitakutumia ujumbe wa faragha, watakuhitaji wewe uwaelekeze nyumbani.

#44 Mwalimu_Kasese
Kijana, wewe uko karibu. Jumatatu kaenda shule?

#45 KijanaWaBoda
Kaenda. Nimemwona saa kumi na mbili na nusu, kavaa sare mpya. Viatu kavibeba mkononi. Anapita njia ya nyuma ya soko sasa, ile ya mtoni, inazunguka sana.